Mwalimu Mrefu wa Nkuhungu

Walimu wenzangu watamtambua kabla sijafika mbali, kwa hiyo jina lake naliacha. Hata shuleni tulimwita Mwalimu tu, ingawa sote pale tulikuwa walimu. Ukisema "Mwalimu kaniambia," hakuna aliyeuliza mwalimu yupi. Tulimzika mwaka jana wakati wa palizi, na tangu hapo nasikia watu wakimsimulia kwa namna ambayo mimi simtambui. Wapo wanaosema alikuwa mkali. Wapo wanaosema alikuwa na mkosi, ukoo wao una laana. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta hapo Nkuhungu, Dodoma, tangu nilipohamia kutoka Kondoa, nikiwa mwalimu mpya wa Kiswahili nisiyemjua mtu. Nitamsema nilivyomjua.

Alikuwa mrefu, mrefu kweli. Aliingia darasani kwa kuinamisha kichwa, na mikono ya kila sweta aliyowahi kununua ilimwishia katikati ya kiwiko na kiganja. Mgongo wake ulipinda kidogo upande mmoja, kwa hiyo kanga yake ilikuwa haitulii begani. Akikupa mkono, vidole vyake vilizunguka kiganja chako vikakutana upande wa pili. Asubuhi aliingia ofisini akisema "Mbukwenyi!" kwa salamu ya kwao Ugogoni, akatushika mikono mmoja mmoja, na ndipo siku ilipoanza.

Watoto walimpenda kwa sababu mwili wake ulifanya mambo ambayo miili yao haikuweza. Alikunja kidole gumba kikalala kabisa kwenye mkono. Alirudisha vidole nyuma mpaka wasichana wa darasa la nne wakafumba macho. Sisi watu wazima tulicheka, naye alicheka nasi. Siku moja alikuwa akianika shuka uani kwetu, akanyoosha mkono juu ya kamba, bega likachomoka. Nilisikia mlio. Mimi nilipiga kelele, yeye hakupiga.

"Mama Zuhura, njoo unishikie kiwiko. Usivute. Shika tu."

Nikashika, macho nimeyafumba. Akajizungusha kidogo, bega likarudi mahali pake, akamalizia kuanika.

"Limezoea kutembea, hili," akasema.

Watu walimshauri anywe supu ya makongoro, kwamba kwato za ng'ombe zinakaza viungo. Alikunywa sana. Kila Jumamosi alikwenda sokoni Majengo, kwa mama mmoja aliyekuwa na sufuria kubwa karibu na wauza nafaka, akakaa kwenye benchi miguu yake mirefu ikifika barabarani, bodaboda zikimpigia honi. Viungo havikukaza. "Lakini supu ni tamu," alisema, "kwa hiyo sijapata hasara."

Alifundisha sayansi, na kati ya masomo yote alipenda lile la tishu unganishi, ambalo walimu wengine hulipitia haraka haraka ili wafike kwenye moyo na mapafu. Yeye alilingoja. Siku hiyo alikuja na mguu wa mbuzi umefungwa kwenye gazeti. Aliuchuna mbele ya watoto, akaitafuta kano, ule uzi mweupe unaong'aa, akaivuta kwa kidole, na kwato ikakunjuka kama vile mbuzi angali hai. Darasa zima lilipiga kelele. Mimi niliyekuwa chumba cha pili nilisimamisha insha yangu, maana hakuna mtoto aliyekuwa akinisikiliza.

Kisha aliwaeleza. Nilimsikia mara nyingi hata nimelikariri. Kwamba nyama ya mwili haijishikizi yenyewe kwenye mfupa, kano ndiyo inayoishikiza. Kwamba mfupa na mfupa hushikwa na nyuzi ngumu, na katikati yake kuna gegedu ili isisagane. Kwamba moyo nao umefungwa katika mfuko wake usihamehame, na milango yake ya ndani inafunguka na kufungika kwa sababu imeshikwa na vikamba vyembamba kama uzi wa kushonea. Na kwamba mshipa mkubwa unaotoka moyoni una nyuzi zinazotanuka na kurudi, kila pigo, mchana na usiku, bila likizo.

"Nyama inasifiwa," aliwaambia. "Mfupa unasifiwa. Nani amewahi kusifu kinachovishika? Kilichoshika hakisemi. Siku kikisema, ujue kimeachia."

Nilimwambia sentensi ile ni nzuri, aniruhusu niwape watoto waiandikie insha. Akakataa. "Hiyo si methali, Mama Zuhura. Ni sayansi. Ukiifanya methali hawataiamini."

Pamoja na sayansi yake yote, hakuruhusu mtu aruke miguu ya mtoto aliyeketi, ati mtoto atadumaa. Nikimcheka, alisema hayo ameyakuta na atayaacha. Mtoto akipata joto kidogo tu alimpeleka zahanati mwenyewe kwa mguu. Yeye mwenyewe akiumwa alijipaka mafuta ya karafuu na kulala. Aliogopa hospitali kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na alificha woga huo kwa kusema hana nafasi.

Mumewe alihamia Tabora kikazi na hakurudi. Alimwachia mtoto mmoja, Yohana, ambaye alirefuka kama mama yake na baadaye akampita. Mwalimu alimlea peke yake katika vyumba viwili. Jioni niliwasikia ukutani wakibishana na kucheka. Yohana alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, na nilipata kumwona uwanjani akiruka. Sijui mpira huo sana, ila nakumbuka watu wazima waliokuwa wakipita njia walisimama. Alipomaliza kidato cha nne, timu moja ya mjini ilikuwa inamtaka. Mwalimu alimfulia jezi kwa mkono, hakutaka mtu mwingine aishike.

Woga wake wa hospitali ulivunjwa na macho. Alikuwa akivaa miwani mizito tangu ujana, lakini mwaka ule jicho moja likaanza kumwonesha vitu viwili viwili, akawa anasahihisha daftari kwa kulifumba. Nilimlazimisha. Nikaenda naye. Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, mpole, akamwangalia kwa taa yake muda mrefu, kisha akaizima akavuta kiti.

"Mwalimu, shikamoo tena. Lenzi ya jicho lako imehama mahali pake. Naomba unyooshe mikono yote miwili. Ee, hivyo. Sasa kunja kidole gumba ndani ya ngumi."

Mwalimu akakunja. Ncha ya kidole gumba ikatokeza upande wa pili wa ngumi. Daktari hakucheka kama tulivyokuwa tukicheka sisi.

"Kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla? Bila kuugua?"

Niliona Mwalimu anavyobadilika uso. Akajibu kwa sauti aliyoitumia kusoma majina ya mahudhurio.

"Baba yangu, akitoka kunywesha ng'ombe. Na dada yangu mkubwa. Alikuwa akitwanga."

"Walikuwa warefu?"

"Sisi sote warefu."

Walimpeleka kwenye kipimo cha picha ya moyo. Daktari wa moyo akatueleza kwamba kuna watu wanaozaliwa na kasoro katika zile nyuzi zinazoushika mwili, ndiyo maana viungo vyao vinachomoka, lenzi inahama, mgongo unapinda. Hayo yote mtu anaweza kuishi nayo. Shida ni mshipa mkuu. Pale unapoanzia moyoni unatanuka kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, bila maumivu, mpaka siku unachanika. Wa Mwalimu ulikuwa umetanuka. Kulikuwa na dawa za kila siku za kuupunguzia nguvu ya damu, na kulikuwa na upasuaji, ambao ulihitaji maandalizi. Na kasoro hiyo huenda kwa watoto. Kila mtoto anayezaliwa, ni kama kurusha sarafu: huenda akaipata, huenda asiipate.

Tulitoka nje. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukivuma vumbi, na Mwalimu alisimama katikati ya vumbi hilo bila kujifunika.

"Kwetu tuliambiwa dada alitupiwa jambo," akasema. "Tulihama kaya kwa ajili hiyo. Tukaacha mashamba na makaburi. Na mimi nimesimama mbele ya watoto miaka yote nikifundisha, kumbe nilikuwa nafundisha habari za kwetu."

Niliivuta kanga yake nikamfunika mabega.

"Mama Zuhura," akasema, "Yohana."

Yohana alipimwa. Mshipa wake ulikuwa umetanuka kuliko wa mama yake. Daktari alimwambia mbele yetu: mpira basi, mizigo mizito basi, dawa kila siku, na wamwandikishe kwa ajili ya upasuaji. Kijana alisikiliza kwa adabu, akasema asante daktari, na njia nzima ya kurudi hakufungua mdomo. Usemi wake niliusikia jioni, ukutani.

"Mimi siumwi, mama. Nioneshe ninapoumwa."

"Mshipa hauumi. Ndivyo ulivyo."

"Basi ugonjwa gani huo? Nikae tu, kwa sababu wewe umenizaa hivi?"

Kesho yake shuleni alikuja na macho yaliyovimba, akafundisha vipindi vyake vyote. Mchana tulipokuwa tunakula aliniambia, "Watu walikuwa wakimruka miguu akiwa mdogo nami nawafukuza. Ningewaacha. Labda angebaki mfupi." Alitaka nicheke. Nilishindwa.

Haukupita muda Yohana akaondoka. Hakwenda kwenye timu, maana timu ilikuwa imeshaambiwa. Alikwenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, akawa mpakiaji wa magunia. Kati ya kazi zote za dunia alichagua ile. Nadhani alitaka kumwonesha mama yake, na kujionesha mwenyewe, kwamba mwili wake ni wake.

Tulimfuata Jumamosi moja, mimi na Mwalimu. Msimu ulikuwa umechanganya: malori yamepangana, madalali wanaita bei, makapi ya mahindi hewani yanakwama kooni. Tulimwona kabla hajatuona, kwa sababu kichwa chake kilipita vichwa vyote. Alikuwa na gunia mgongoni, anapanda ubao kuelekea juu ya lori. Nilitaka kuita. Mwalimu alinibana mkono.

"Usimshtue. Ngoja atue."

Tukangoja. Sijawahi kuona mtu akiangalia kitu kama alivyoliangalia lile gunia. Lilipoanguka juu ya mengine ndipo aliponiachia mkono.

Yohana alishuka, akajifuta uso, akaja. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, baba. Twende nyumbani."

"Nyumbani nikafanye nini? Nikae naangalia ukuta?"

"Ukae ukiwa hai."

Wenzake walikuwa wamesimama wakisikiliza, na mmoja akacheka. Yohana aliuchukua mkono wa mama yake, ule mkono mrefu, akaubandika kifuani pake juu ya fulana iliyolowa.

"Sikiliza mwenyewe. Huo ni moyo wa mgonjwa?"

Mwalimu aliuacha mkono pale. Aliuacha muda mrefu, mpaka yule aliyecheka akatazama pembeni.

"Una nguvu," akamwambia. "Moyo wako una nguvu sana, mwanangu. Mshipa ndio unaopokea hiyo nguvu. Nakuomba. Sikuamuru, nakuomba."

Nikaona kijana analegea. Akasema atamaliza msimu huu tu, kisha atarudi, atakwenda kwa daktari, atafanya yote. Alitununulia soda, akatusindikiza hadi kituoni, na basi lilipoondoka alikuwa akipunga, mrefu kuliko kibanda cha tiketi. Mwalimu hakulia. Alisema tu, "Amesema msimu huu."

Msimu haukuisha. Habari zilifika Mwalimu akiwa darasani. Mwalimu mkuu alimwita nje, na kupitia dirishani nilimwona anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyowainamia watoto waliokuwa na swali. Wenzake Yohana walisema alitua gunia, akasema kifua kinachanika kuelekea mgongoni, akaketi kwenye kivuli cha lori. Walipomwinua kumpeleka zahanati alikuwa ameshakwenda.

Tulimzika kijijini kwao, upande wa Bahi. Baada ya maziko, wazee wa ukoo waliketi, na kaka mkubwa wa Mwalimu, mkulima mwenye heshima zake, akaanza kusema yaliyosemwa siku ya baba na siku ya dada: kwamba jambo hili lina mtu, na mtu huyo lazima atafutwe. Wanawake waliitikia kwa kilio. Ndipo Mwalimu aliposimama. Mjane au mfiwa hasimami hivyo, lakini alisimama, na akiwa amesimama hakuna ambaye hakumwona.

"Kaka, naomba radhi," akasema. "Hakuna mtu. Ni damu yetu. Baba alikuwa nayo, dada alikuwa nayo, mimi ninayo, mwanangu amekufa nayo. Iko kwa watoto wenu pia, si wote, baadhi. Nawaomba mniletee watoto warefu, wenye vidole kama hivi, wapimwe." Akainua mikono yake juu watu waione. "Sina kingine ninachokitaka kwenu. Sitaki ng'ombe wala pole. Nileteeni watoto."

Kaka yake hakumtazama. "Mwalimu," akasema, naye hata yeye alimwita hivyo, "mambo ya shule usituletee kwenye kaburi. Unatuambia baba yetu ndiye aliyetuua?"

"Baba hakujua, kaka."

"Keti."

Aliketi. Njiani kurudi tuliambiwa kwamba nyuma yetu walisema mtu anayetafutwa ndiye yeye, maana amesema anayo na bado yu hai.

Baada ya hapo alirudi kazini. Alifundisha kama zamani, isipokuwa lile somo moja. Lilipofika alinikabidhi mimi. "Wewe unajua maneno," akasema. Alinunua mwenyewe mguu wa mbuzi, akauweka mezani, akaenda kukaa nyuma kabisa na watoto, magoti yake yakigusa dawati. Nilijitahidi. Nilipofika kwenye mshipa unaotanuka na kurudi, niliinua macho nikamwona anatikisa kichwa taratibu kwamba niendelee, kwamba nasema sawasawa.

Kila likizo alipanda basi kwenda kwao. Alizunguka kaya kwa kaya, akaketi nje kwenye kigoda, akasalimia, akaomba watoto. Kaya nyingine zilimpa maji na kumnyamazia. Nyingine ziliwaficha watoto ndani kwa kumwogopa. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Upasuaji wake mwenyewe aliuahirisha, akaahirisha tena. Nikimgombeza alisema, "Nikifia mezani, nani atakwenda kule?" Alistaafu, akahamia kando ya mji, na mimi nikawa namwona kwa nadra. Alikufa kabla ya tarehe ya upasuaji aliyokuwa ameikubali hatimaye.

Lakini mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa hospitalini, miezi michache kabla ya hapo. Nilikuwa nimempeleka mama yangu kliniki ya presha. Tunapita kwenye korido ya wagonjwa wa moyo, nikaona benchi lenye watu watatu, magoti yao yamepanda juu kama ya panzi. Katikati alikuwa Mwalimu, amekonda, fimbo mkononi. Kushoto kwake binti wa miaka kama kumi na sita. Kulia alikuwa kaka yake, kofia ameishika mapajani.

Nilimwamkia mzee. "Marahaba, mwanangu," akasema, kisha, bila kuulizwa: "Nimemleta mwenyewe. Alikuwa anatwanga, bega likachomoka. Nikamkumbuka dada." Akaitazama kofia yake. "Nikaona nimlete."

"Huyu ni Tabitha," Mwalimu akaniambia. "Wa kaka. Wa mwisho."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa. Nilimkalisha mama, nikangoja nao kwa nje, na mama hakulalamika. Walipotoka, mzee alikuwa wa kwanza, akaegemea ukuta.

"Anao," Mwalimu akasema. "Lakini umeanza tu. Mshipa haujatanuka sana. Dawa, na kuangaliwa kila baada ya muda, na wakati ukifika watamfanyia upasuaji. Daktari anasema ana maisha marefu mbele." Akanishika mkono kwa vidole vyake. "Huyu tumemwahi, Mama Zuhura."

Walikuwa wameshapewa dawa. Mzee alikichukua kile kipakiti mkononi mwa binti yake, akakigeuza, akavisogeza vidonge karibu na macho.

"Ni vidogo hivi," akasema. "Dada, hivi vingemfaa na Yohana?"

Nilidhani atamficha, kwa huruma. Hakumficha.

"Ndivyo alivyopewa, kaka. Hivi hivi. Nilivikuta Kibaigwa kwenye begi lake la nguo, boksi zima. Hakufungua."

Mzee akaketi. Watu wa korido walipita kati yetu, na muuguzi mmoja alisema samahani. Mwalimu akatoa chupa ya maji kwenye mkoba wake, akaifungua. Alikitoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha Tabitha, akamkabidhi chupa.

"Meza," akamwambia. "Meza hapa hapa, nikuone."

Binti alitutazama sote kwa aibu, akakitia mdomoni, akanywa. Mwalimu alimwinamia, miwani yake mizito karibu kabisa na uso wa mtoto.

"Fungua mdomo."

Akafungua.

"Haya," Mwalimu akasema, na machozi aliyokuwa hajayatoa siku ya maziko yakaanza kushuka, naye hakuyafuta. "Na kesho hivyo hivyo."